Kipande cha Nguru na Picha ya CT

Mpelekee mwuza samaki wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kipande kimoja cha nguru, kile cha duara kilichokatwa kukingama mwili, umuulize kimetoka sehemu gani ya samaki. Atakujibu papo hapo. Kikiwa na uwazi wa tumbo chini ya mfupa, minofu miwili ikining'inia kama miguu ya koleo, kimetoka upande wa kichwa. Kikiwa kimefungamana pande zote bila uwazi, kimetoka nyuma, karibu na mkia. Hana haja ya kumwona nguru mzima, kwa sababu nguru mzima yumo kichwani mwake. Amekata samaki kwa miaka, na kila kipande anakirudisha mahali pake kwa jicho la akili.

Daktari anayetazama picha ya CT anatakiwa kufanya kazi hiyohiyo. Mashine inamkata mgonjwa kwa mionzi, slesi baada ya slesi, kama mkate wa boflo. Kila slesi inatokea kwenye skrini ikiwa bapa, nyeusi na nyeupe, na kwa desturi ya fani inatazamwa kana kwamba daktari amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali na kuchungulia kuelekea kichwani. Ndiyo maana ini, ambalo liko kuliani mwa mgonjwa, linaonekana kushotoni mwa skrini. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakariri kanuni hiyo kwa dakika moja. Kuuona mwili mzima kutokana na slesi mia tatu ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapotaka kusimama leo, kwa sababu naona tunalichukulia kwa wepesi mno.

Mashine zimekuja. Tanzania ilitumia sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, wa mwaka 2021, kununua CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wake wa kukodi vifaa vya hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47, na baadaye malalamiko yakasikika hadharani kwamba baadhi ya vifaa vimekaa bila wa kuviendesha. Kuhusu waendeshaji na umeme tumejadili sana, na ni haki kujadili. Ujuzi wa yule mwuza samaki haujadiliwi. Tunadhani daktari ataupata tu, polepole, kwa kukaa karibu na wakubwa. Wako wanaoupata. Wengine hawaupati, na hakuna anayewagundua, maana mtihani haujawahi kuwauliza.

Tuanze na hesabu ndogo. Aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, ni bomba. Kwa kijana unashuka tumboni karibu wima. Umri na shinikizo la damu huupinda, ukashuka kwa kujipindapinda kama mto tambarareni. Bomba lenye upana wa sentimita 4, likikatwa mkato ulionyooka, linatoa duara la sentimita 4. Likiwa limeinama kwa nyuzi 45, mkato uleule unatoa umbo la yai lenye urefu wa sentimita 5.7, ingawa upande wake mfupi bado ni 4. Anayetaka kuhakiki achukue karoti na kisu. Sasa kumbuka kwamba miongozo mingi huweka sentimita 5.5 kuwa kiwango cha kumfikiria mwanamume kwa upasuaji wa aota ya tumboni iliyotuna. Daktari aliyeweka rula kwenye upande mrefu wa lile yai amempeleka mzee wa watu kwenye orodha ya upasuaji mkubwa kwa sababu ya mshipa ambao bado haujafika huko. Rula yake ilikuwa sahihi. Hakuliona bomba likiwa limeinama, basi.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa sababu hutokea usiku. Mgonjwa wa shinikizo la damu amepata kiharusi, damu imevia ndani ya ubongo. Ni saa nane za usiku, bingwa wa radiolojia, fani ya kusoma picha hizi, yuko nyumbani au mji mwingine. Daktari mtarajali anaangalia slesi zote haraka, anachagua ile inayotisha kuliko nyingine, anaipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp kwa mkubwa wake. Picha inaonyesha doa jeupe la sentimita 5 kwa 4. Mkubwa anaulizwa: tufanyeje?

Kwa picha ile, hakuna binadamu anayeweza kujibu. Tangu mwaka 1996 madaktari wana njia rahisi ya kukadiria ujazo wa damu hiyo: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa mbili. Kimo kinapatikana kwa kuhesabu slesi ambazo damu inaonekana, kisha kuzidisha kwa unene wa slesi. Ikiwa slesi zina unene wa milimita 5 na damu inaonekana katika slesi 10, kimo ni sentimita 5, na ujazo ni mililita 50. Ikiwa inaonekana katika slesi 4 tu, kimo ni sentimita 2, na ujazo ni mililita 20. Kipimo cha hatari ya kifo kwa wagonjwa wa aina hii, kinachotumika tangu 2001, kinaweka mpaka wake kwenye mililita 30. Wagonjwa wawili, slesi moja inayofanana kama mapacha kwenye simu, na mmoja yuko upande huu wa mpaka, mwingine upande ule. Kilichowatenganisha ni kina, na kina ndicho kilichobaki kwenye skrini ya hospitali wakati picha ikisafiri.

Ushauri wangu hapa ni wa bure na unaweza kuanza leo usiku. Badala ya picha moja, rekodi video ya sekunde ishirini ukishuka taratibu kutoka utosini hadi kwenye shingo, kisha nyingine ya mkato wa mbele, kama mtu anayetazamwa usoni, jina la mgonjwa likiwa limefunikwa. Anayepokea atapata angalau nafasi ya kumjenga mgonjwa kichwani mwake. Lakini ushauri huu una maana tu kama yule anayerekodi anajua kwa nini anarekodi, na hilo linaturudisha darasani.

Kuna pia aina ya kosa ambalo hata mtu makini hulifanya asipofundishwa. Kijana wa bodaboda ameanguka, kofia hakuvaa, amegonga utosi. Damu imevia juu kabisa, chini ya paa la fuvu, na imetandaa bapa kama chapati. Mashine inakata kwa mlalo. Chapati iliyolala sambamba na kisu hukatwa mara moja au mbili tu, na katika slesi hizo mbili za juu kabisa inachanganyika na mfupa uliopinda, vyote vyeupe. Mtu anaweza kupita slesi zote kwa uaminifu na asiione. Ukigeuza mkato ukawa wa mbele, damu ileile inajitokeza wazi, tabaka kati ya fuvu na ubongo. Mvunjiko unaolala sambamba na slesi hujificha vivyo hivyo, na ule wa jino la pingili ya pili ya shingo ndio mfano ambao walimu wa radiolojia hawachoki kuutaja. Aliyefundishwa kufikiri kwa pande tatu anajiuliza kabla ya kufunga faili: ni kitu gani ambacho mkato huu hauwezi kunionyesha? Swali hilo haliji lenyewe. Hufundishwa, tena kwa makusudi.

Inasaidia kujua kwamba shida hii ni ya zamani kuliko mashine. Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895 kule Würzburg, alitupa kivuli: kifua kizima kimebanwa kwenye bapa moja, mbavu juu ya moyo juu ya uti wa mgongo. Miaka zaidi ya arobaini kabla yake, Mrusi Nikolai Pirogov, daktari mpasuaji wa St Petersburg, alikuwa tayari ameanza kuutafuta mkato. Aligandisha maiti kwa baridi ya nchi yake hadi zikawa ngumu kama gogo, akazikata kwa msumeno slesi nyembamba kwa pande zote tatu, na kuchora kila alichokiona. Atlasi yake ilitoka kati ya 1852 na 1859. Husimuliwa kwamba wazo alilipata sokoni, alipoona wachinjaji wakikata nguruwe walioganda. Sijui msomaji ataonaje, lakini mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba anatomia ya mikato nayo inasimuliwa kuwa na asili ya sokoni.

Na sura moja ya historia hiyo iliandikwa Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kusimamia matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliona kwamba dozi za tiba zinapangwa kana kwamba mwili wote ni nyama ya aina moja, akajiuliza namna ya kujua kilichomo ndani kwa kupima tu mionzi inayotokea upande wa pili. Alijaribu kwa kitu cha duara cha alumini na mbao, akapata hesabu yake, akaichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeijali. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, alifika hapohapo kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa CT ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mwaka huohuo wa 1971, upande wa pili wa Atlantiki, wanasaikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walichapisha jaribio ambalo kwa maoni yangu kila mwalimu wa udaktari angepaswa kulijua. Waliwaonyesha watu michoro miwili ya maumbo yaliyoundwa kwa michemraba, wakawauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni mawili tofauti. Muda wa kujibu uliongezeka sawasawa na pembe ya kugeuza, kana kwamba mtu analigeuza umbo kichwani kwa mwendo maalumu, takriban nyuzi 60 kwa sekunde. Kumbe kuona kwa jicho la akili ni kazi halisi, ina mwendo wake, inachosha, na watu hutofautiana katika kuifanya.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa imani ninayoipinga kwa nguvu zangu zote: kwamba kuna waliozaliwa na jicho na wasiozaliwa nalo. Nimeisikia ikisemwa na watu ninaowaheshimu, "huyu hana jicho la radiolojia," na kijana akaachwa hapo. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilikusanya tafiti 217 za mafunzo ya uwezo wa kufikiri kwa maumbo na nafasi. Waliona kwamba mafunzo yanaukuza uwezo huo, manufaa yanadumu, na yanavuka hadi kwenye kazi ambazo mtu hakufanyia mazoezi. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi hana jicho anazungumzia mafunzo ambayo hayajatolewa.

Basi tufundishe vipi? Hapa ndipo soko linapoingia na miwani. Kila maonyesho ya teknolojia ya afya yana banda la miwani ya uhalisia pepe: unaivaa, moyo unaelea mbele yako ukidunda, unauzungusha, unaingia ndani yake. Inapendeza, na kwa mpasuaji anayepanga kurekebisha moyo wa mtoto ulioumbika vibaya ina kazi ya kweli. Lakini kwa mafunzo ya msingi nina mashaka, na yana sababu.

Ya kwanza ni kwamba picha ya pande tatu iliyotengenezwa na kompyuta imeshakufanyia kazi ambayo ulitakiwa ujifunze kuifanya. Ukiiona haimaanishi kwamba kesho, ukipewa slesi tupu, utaweza kuijenga. Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Garg na wenzake waliowafundisha wanafunzi wa udaktari mifupa midogo ya kifundo cha mkono kwa kompyuta. Hitimisho lao lilipunguza shauku ya wengi: huenda akili hulikumbuka umbo kwa mitazamo michache ya msingi, kama picha bapa, na kulizungusha umbo kila upande hakuongezi kiasi tulichokitarajia. Tena mwaka 2013, nchini Uingereza, wanafunzi wa udaktari wa mifugo walijifunza mguu wa farasi kwa njia tatu: kitabu, kielelezo cha kompyuta, na kielelezo cha kushika mkononi. Walipopewa picha za MRI, mikato inayopigwa kwa sumaku, kuzitambua, walioshika kwa mikono waliwazidi wenzao. Mkono unajua kina kwa namna ambayo jicho peke yake halijui.

Ya pili ni kwamba picha hizo nzuri hudanganya. Kompyuta ikitengeneza uso wa fuvu, inaamua kwamba kila kilicho juu ya weupe fulani ni mfupa na kilicho chini si kitu. Ukuta wa ndani wa tundu la jicho ni mwembamba kama karatasi, weupe wake unafifia katika slesi nene, na kompyuta inauacha nje. Kwenye skrini linaonekana tundu. Asiyejua kurudi kwenye slesi anaandika "mvunjiko." Anayejua anatabasamu na kuendelea na kazi.

Sasa nieleze ninachokiamini, na nitakieleza kwa kirefu maana ndicho kiini.

Somo la kwanza halina mashine. Kila mwanafunzi apewe pilipili hoho, kitunguu na kisu. Kabla ya kukata, achore kwenye karatasi anachotarajia kukiona hoho ikikatwa kukingama, kisha ikikatwa wima, kisha kwa mshazari. Ndipo akate, alinganishe. Wengi huchora hoho wima vizuri na kukosea mshazari, na mshangao wa kukosea ndio mwalimu mwenyewe. Kitunguu kikikatwa kukingama kinatoa pete zilizofungwa, kikikatwa wima kinatoa matao yanayokutana kwenye shina. Wanafunzi wanapoambiwa kwamba tabaka zilezile ndizo zimetoa maumbo mawili, macho yanafunguka. Sharti ni moja: kuchora kwanza, kukata baadaye. Anayekata kwanza anajiambia kwamba alijua.

Baada ya hapo unakuja udongo wa mfinyanzi. Nchini Korea Kusini walimu wa anatomia walieleza mwaka 2009 jinsi wanafunzi wao walivyofinyanga viungo, wakavikata, na kulinganisha mikato na picha za CT. Sisi tuna udongo na tuna wafinyanzi, wala hatuhitaji kuagiza chochote. Ini ni la kwanza kufinyangwa. Mfaransa Claude Couinaud aliligawa mwaka 1957 katika maeneo 8 kwa kufuata mishipa yake, na mpasuaji anayetaka kuondoa uvimbe lazima ajue uko eneo la ngapi. Kwenye slesi moja huoni mipaka hiyo yote, kwa sababu mipaka yenyewe ni mishipa inayopita juu na chini ya slesi. Nyaya za rangi tatu ziwe mishipa mitatu inayotoa damu, waya mmoja uwe mshipa wa lango, ule unaoleta damu kutoka utumbo, udongo uzunguke. Uzi wa nailoni ndio kisu. Mwanafunzi aliyelijenga ini hivyo mara mbili hatasahau kwa nini uvimbe ulio juu ya waya wa lango na ulio chini yake ni habari mbili tofauti kwa mpasuaji.

Ndipo tufungue kompyuta. Programu za kutazama na kugeuza mikato zipo za bure. Mojawapo, InVesalius, ilianza kutengenezwa mwaka 2001 katika kituo cha teknolojia cha umma huko Campinas, Brazil, ili hospitali za umma za nchi hiyo zisilazimike kununua programu za bei kubwa. Ningependa sana vyuo vyetu viitumie, kwa sababu imezaliwa na hali inayofanana na yetu. Darasani picha zisionyeshwe zikiwa zimesimama. Mwalimu asimame kwenye slesi moja, aulize: tukishuka sentimita moja, doa hili litaenda wapi? Litakua, litasinyaa, litasogea mbele? Kila mtu aandike jibu, ndipo ashuke. Doa la mapafu linaloendelea slesi baada ya slesi likihama na kugawanyika ni mshipa. Linalotokea, likakua kidogo, likatoweka, hilo ndilo la kuogopa. Kwa slesi moja, viwili hivyo vinafanana kabisa.

Hata namna ya kusogeza macho inafundishika. Watafiti waliofuatilia macho ya mabingwa 24 wa radiolojia wakitafuta vivimbe mapafuni waligundua tabia mbili. Wako wanaotuliza macho eneo moja la skrini na kushuka haraka kupita slesi zote, kisha kuhamia eneo jingine. Wako wanaozungusha macho slesi nzima kabla ya kushuka polepole hadi inayofuata. Nikifundisha, wa kwanza nawaita wachimba kisima na wa pili wapiga deki. Wachimba kisima waliona vivimbe vingi zaidi, na jambo hilo linaeleweka: jicho lililotulia mahali pamoja linaona kitu kinachochomoza, kama vile mtu aliyekaa ufukweni anavyoiona ngalawa inayojitokeza kuliko anayetembea. Vijana wetu wengi hupiga deki kwa sababu walijifunzia kwenye filamu iliyochapwa yenye slesi ishirini zilizopangwa pamoja, ambayo haichimbiki.

Kuna mwalimu mmoja wa bei nafuu ambaye tunaye kila wilaya, nayo ni altrasaundi. Ubora wake kwa jambo hili ni kwamba mkono ndio unaoshika kisu. Ukikiinamisha kifaa kidogo, slesi inainama palepale. Ukikizungusha robo, figo ya duara inakuwa figo ndefu kama haragwe. Hakuna mashine nyingine inayounganisha kiganja na picha kwa ukaribu huo. Mwanafunzi aifanyie kwa mwenzake, figo kwa figo, ini kwa ini, akitaja kwa sauti kabla ya kuzungusha: sasa nitaona nini? Wiki chache za zoezi hilo zitamwandaa kwa CT kuliko mihadhara mingi.

Na anayetilia shaka kama haya yote yana uzito aende akasimame nyuma ya madaktari wa radiolojia tiba. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kuwafundisha mwaka 2019, fani ambayo kabla ya hapo haikuwa na shule Tanzania. Kazi yao ni kupitisha sindano kwenye ngozi hadi kwenye jipu la ini au figo iliyoziba, wakiongozwa na picha. Skrini ni bapa, sindano inakwenda kwenye kina. Ikitoka nje ya unene wa slesi, ncha yake haionekani tena, ingawa imo mwilini mwa mtu. Daktari wa namna hiyo lazima ajue ncha iko wapi wakati haionekani.

Nisieleweke kwamba nazungumzia mabingwa peke yao. Mabingwa ni wachache na watabaki wachache kwa muda. Anayekutana na picha kwanza ni mtarajali, ni tabibu wa hospitali ya wilaya, ni mtaalamu wa mionzi aliyepiga kipimo chenyewe na ambaye mara nyingi ameona tatizo kabla ya daktari yeyote. Hao ndio ninaowaombea. Mtaalamu wa mionzi hasa: yeye ndiye anayeamua mikato ipi itengenezwe na slesi ziwe na unene gani, na akielewa kwa nini chapati ya damu inajificha utosini, atatengeneza mkato wa mbele bila kuombwa, na kijana wa bodaboda atafaidika bila kujua.

Naambiwa pia kwamba akili bandia itatusomea. Programu zinazoweka alama kwenye damu ya ubongo zipo, zinatumika, na nitazipokea kwa mikono miwili siku zitakapofika wilayani. Alama itasema damu iko pale. Bado mpasuaji atahitaji kujua "pale" ni wapi juu ya kichwa kilichonyolewa kilicho mbele yake, vidole vingapi mbele ya sikio, kabla hajashika drili.

Kinachozuia haya yote kwa sasa ni mtihani. Swali la picha katika mitihani mingi ni lilelile tangu enzi za eksirei: picha moja, bapa, taja unachokiona. Mwanafunzi mwerevu anajiandaa kwa mtihani ulivyo, anakariri picha mia mbili maarufu, anafaulu. Swali libadilike. Apewe slesi zote za mgonjwa mmoja kwenye kompyuta na dakika kumi. Aonyeshe uvimbe, akadirie ujazo wake, kisha apewe kichwa cha plastiki na kalamu ya wino, achore juu ya ngozi mahali ambapo angekata.